Boneti ya faiba iliyopasuka: tibu upande wa chini kabla ya kuuliza rangi

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Ilazo, hapa Dodoma. Nina Toyota Altezza yenye boneti ya faibaglasi niliyoinunua ikiwa imetumika. Ina ufa wa kama shibiri moja unaoanzia kwenye bawaba ya kushoto, nyufa nyembamba za buibui karibu na komeo, na vishimo vidogo vidogo vingi mbele. Fundi wa kwanza alipaka puti juu ya ufa akapiga rangi nyeusi. Haikumaliza miezi mitatu, ufa umerudi palepale na rangi imetoa malengelenge. Safari hii nataka kuifanya mwenyewe nyumbani, taratibu. Nitumie puti gani na praima gani? Au nitafute boneti nyingine?"

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Kwa maelezo uliyotoa boneti hiyo inatengenezeka, na sioni sababu ya kutafuta nyingine. Ila nakuomba uyaweke kando kwanza maswali ya puti na praima, kwa sababu ubovu ulioueleza hautoki kwenye puti wala kwenye rangi. Unatoka chini yake, na ukinunua puti bora kuliko zote mjini ukaipaka palepale alipopaka mwenzako, ufa utarudi palepale uliporudi mara ya kwanza.

Faibaglasi ni vitu viwili vilivyoshikana: nyuzi za kioo, ambazo ndizo zinazobeba nguvu, na rezini, ambayo kazi yake ni kuzifunga nyuzi hizo pamoja na kuzipa umbo. Juu ya hapo kuna ngozi nyembamba ya jelikoti inayoipa boneti uso laini. Ufa unapopita kwenye jelikoti peke yake, hilo ni jambo la uso. Unapoanzia kwenye bawaba na kufika shibiri, ujue nyuzi zenyewe zimekatika, na puti ya kawaida haina nyuzi ndani yake. Kila unapofungua boneti, na kila gari linapopanda tuta, kingo mbili za ufa husogea kidogo, na puti iliyokauka haiwezi kusogea nazo. Huko chini ndiko nguvu inakopaswa kurudishwa.

Kabla hujashika msasa, tafuta kwa nini ilipasuka. Boneti ikiwa bado imefungwa kwenye gari, tazama mianya ya pembeni ilivyo upande wa kulia na wa kushoto, kisha mwambie mtu ashikilie boneti wakati wewe unalegeza nati za bawaba. Ikiwa boneti inaruka au kujisogeza yenyewe nati zinapolegea, basi ilikuwa imelazimishwa kukaa mahali isipotaka. Boneti nyingi za faiba zinazouzwa kama mbadala hutoka kwenye kalibu zisizolingana sawasawa na gari, na fundi mwenye haraka huzivuta kwa nati. Bati huvumilia kuvutwa, faiba hupasuka. Dawa yake ni washa (vipete bapa vya chuma) za kuinua au kupanua tundu la nati kidogo, wala si kukaza zaidi. Kama gari limefungwa shoki za gesi za kuinulia boneti, kumbuka kwamba shoki iliyopimwa kwa boneti ya bati inaisukuma boneti nyepesi ya faiba kwa nguvu isiyohitajika, na nguvu yote hiyo huishia jirani na bawaba.

Nyufa za buibui karibu na komeo nazo zina sababu yake, na mara nyingi ni ile mipira midogo ambayo boneti huikalia ikifungwa. Ikiwa mipira iko juu mno, boneti haishuki mpaka uikandamize kwa viganja, na kila unapoikandamiza jelikoti inapinda kupita uwezo wake. Shusha mipira hiyo, na urekebishe urefu wa komeo mpaka boneti ijifunge kwa uzito wake na msukumo mwepesi tu. Sababu hizi zisipoondolewa, matengenezo yote yanayofuata yatakuwa ya muda.

Ukishajua sababu, pima ukubwa wa jeraha kwa sikio. Chukua sarafu, gonga boneti taratibu ukienda sentimita mbili mbili kuzunguka ufa. Mahali pazima hutoa mlio mkavu na mwembamba, na mahali ambapo safu za faiba zimeachana hutoa mlio mzito, uliofifia. Weka alama kwa kalamu kila mlio unapobadilika. Usishangae alama zikienda mbali kuliko ufa unaouona kwa macho. Eneo hilo lote ndilo la kutengeneza. Gonga pia kwenye mbavu za fremu ya ndani. Kama fremu imeachana na ngozi ya juu kwa sehemu kubwa ya boneti, hapo ndipo ningebadili ushauri wangu na kukuambia utafute nyingine.

Sasa osha. Hatua hii inaonekana ndogo, lakini kwa malengelenge uliyoyataja ninaishuku sana. Boneti ya faiba hutolewa kwenye kalibu kwa kutumia nta au kimiminika cha kuachia, na mabaki yake hubaki usoni, upande wa juu na wa chini. Ongeza na dawa za kung'arisha matairi na dashibodi zenye silikoni, ambazo mmiliki wa kwanza huenda alizitumia. Ukipiga msasa kabla ya kuosha, unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na hapo rangi haitashika kamwe. Anza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza vizuri, acha ikauke, kisha pangusa kwa kiyeyusho cha kuondoa nta na grisi kinachouzwa maduka ya rangi za magari. Tumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka na kingine safi cha kupangusa kabla kiyeyusho hakijakauka, kwa maana kikikaukia hapohapo kinaacha uchafu uleule kilioubeba. Mwishoni mwagia maji safi: yakitandaa kama utando uso ni safi, yakijikusanya matone bado kuna nta.

Rangi ya zamani iondolewe kwa msasa, namba 80 kwa kuanzia na 120 unapokaribia jelikoti. Dawa za kubabua rangi zinazotumiwa kwenye bati usizikaribishe, kwa kuwa nyingi huila rezini kama zinavyoila rangi, na zile zilizonywewa na faiba hutoka baadaye chini ya rangi mpya. Moto wa kubabulia rangi nao uache. Wakati wote wa kusaga vaa miwani, barakoa nzuri ya vumbi yenye kichujio, glovu na mikono mirefu, na usiwaruhusu watoto kucheza karibu. Vumbi la faiba likikuingia kwenye ngozi, oga kwa maji baridi kwanza bila kusugua.

Tunafika kwenye kazi yenyewe. Ukiwa na boneti iliyofungwa na kulazwa kwenye gari, kingo za ufa zikiwa zimelingana, bandika vipande vitatu au vinne vya mbao nyembamba juu ya uso, vikikatiza ufa, kwa gundi ya moto. Vitashika umbo wakati unavua boneti na kuilaza kifudifudi juu ya blanketi au godoro kuukuu. Bila vijiti hivyo utaitengeneza ikiwa imejipinda, na ikishakauka haitakubali kurudi. Kisha, kutokea chini, toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa, na usage kingo zake kwa mteremko mrefu. Kipimo kinachokubalika ni mteremko wa 12 kwa 1: ngozi yenye unene wa milimita 3 inahitaji mteremko wa milimita 36, basi sema sentimita 4 kila upande wa ufa. Watu wengi husaga sentimita moja wakaridhika. Rezini mpya haiyeyukiani na rezini kuukuu iliyokwisha kukauka, inashika kwa mikwaruzo na kwa eneo tu, kwa hiyo eneo likiwa dogo hata nyuzi nyingi hazitasaidia. Maliza kwa msasa namba 60 au 80, pepeta vumbi, pangusa kwa asetoni, na baada ya hapo usiguse kwa vidole.

Huenda ukakuta fremu ya ndani imeufunika ufa karibu na bawaba. Usijaribu kupenyeza brashi kwa kubahatisha. Kata dirisha kwenye fremu kwa kisu cha grenda, tengeneza ngozi ya juu, kisha rudisha kile kipande na ukifunge kwa mikeka ya faiba (vipande vya nyuzi za kioo vinavyoloweshwa rezini) juu ya mkato. Ukiwa umefungua hapo, kagua bati la chuma ambalo nati za bawaba hukazia. Likiwa limelegea au limeshika kutu, hapo ndipo umepata chanzo kingine cha ufa.

Kwa boneti ya aina hii, iliyotengenezwa kwa rezini ya poliesta, mkeka wa nyuzi zilizokatwa wa gramu 450 kwa mita ya mraba unatosha, na kila safu itakupa unene wa karibu milimita moja. Kata vipande vitatu au vinne, mkubwa ukifika mwisho wa mteremko na unaofuata ukiwa mdogo kwa sentimita 1 kila upande. Epoksi inashika vizuri zaidi kwenye faiba kuukuu, na sina ugomvi na anayeitumia, ila ajue kwamba gundi inayoshikilia nyuzi za mikeka mingi ya aina hii huyeyuka ndani ya poliesta na si ndani ya epoksi. Anayetaka epoksi anunue kitambaa cha faiba kilichofumwa.

Vipimo vya rezini ndivyo vinavyowashinda wengi, wakati vinahitaji mizani ndogo ya jikoni na bomba la sindano lisilo na sindano kutoka duka la dawa. Pima uzito wa vipande vyako vyote vya mkeka, kisha zidisha kwa mbili na nusu upate uzito wa rezini. Mikeka ya gramu 40 inataka rezini gramu 100. Hadena yake, yaani dawa ya kuikausha, ni kati ya asilimia 1 na 2, yaani kwa gramu 100 za rezini ni mililita 1 hadi karibu 2. Katika joto letu la Oktoba na Novemba mimi hukaa kwenye asilimia 1, na asubuhi za baridi za Juni na Julai hupanda kuelekea 2. Usishuke chini ya asilimia 1 kwa kutafuta muda zaidi wa kufanya kazi, maana rezini iliyopunjwa hadena inaweza isikauke mpaka ndani kamwe. Ukitaka muda, fanya kazi alfajiri, kivulini, na uchanganye kidogo kidogo kwenye chombo kipana. Rezini nyingi ndani ya kikombe kirefu hujipasha yenyewe mpaka ikatoa moshi.

Hadena hii ikiruka machoni inaweza kupofusha. Miwani isitoke usoni unapoipima, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Wako pia wauzaji wanaokupa rezini pamoja na chupa mbili, moja ya hadena na nyingine ya kiharakishi cha kobalti chenye rangi ya zambarau au buluu. Viwili hivyo visikutane peke yake hata kwa tone, kwa sababu vikikutana hulipuka. Kiharakishi kinachanganywa kwanza na rezini yote mpaka kipotee, na hadena inafuata baadaye.

Paka rezini kwenye mteremko, laza mkeka wa kwanza, na uudonoe kwa ncha ya brashi badala ya kuuburuta. Utauona ukibadilika mbele ya macho yako: unaanza ukiwa mweupe kama pamba, kisha nyuzi zinafifia moja moja mpaka unaona uso wa chini kupitia ndani yake. Doa lolote lililobaki jeupe ni mahali pakavu au pana hewa, na kiputo hicho usikiache kwa matumaini kwamba mkeka unaofuata utakizika. Kisukume kwa rola ndogo ya mifereji kuelekea ukingoni mpaka kitoke. Safu zote zilazwe mfululizo, moja juu ya nyingine kabla ya ile ya chini haijakauka. Mwishoni funika kwa karatasi laini ya plastiki na uikandamize kwa kiganja chenye glovu. Rezini nyingi za kujengea safu hubaki na kunata juu zikikutana na hewa, na plastiki hiyo huzuia hewa, hukausha uso, na inakuepusha na msasa unaojaa gundi. Iache mpaka kesho yake.

Ikishakauka, geuza boneti, ondoa vijiti, na sasa shughulikia ufa kwa upande wa juu. Upanue uwe mfereji wa umbo la V usiozidi nusu ya unene, na uujaze kwa puti yenye nyuzi za kioo. Hii ni tofauti na puti ya kawaida, na hapa ndipo jibu la swali lako la kwanza linapoanza: puti yenye nyuzi kwenye mfereji, puti laini ya poliesta kwa kusawazisha tu, na kwa tabaka jembamba.

Nyufa za buibui hazizibwi kwa kupakwa kitu juu, zinasagwa. Saga jelikoti mpaka mstari wa ufa upotee kabisa, na kama ukisaga unauona unaendelea ndani ya nyuzi, basi nao unahitaji mkeka kutokea chini kama ule mkubwa. Eneo likiwa limejaa nyufa kama viganja viwili hivi, ondoa jelikoti yote hapo na ulaze mkeka mwembamba sana, ule wa gramu 30 kwa mita ya mraba unaofanana na karatasi ya shashi, ukiwa umeloweshwa rezini. Unaufunga uso wote kwa pamoja, nao ukisagwa hauachi alama za nyuzi nene.

Baada ya hapo ninakuomba ufanye jambo ambalo karibu kila mteja hulipinga kwa sababu ya haraka: funga boneti kwenye gari na uliache gari juani wiki moja au zaidi, ukilitumia kama kawaida, kabla ya kusawazisha uso. Poliesta iliyokaukia kivulini haijamaliza kukauka. Inaendelea inapopata joto, na inapoendelea inasinyaa kidogo, ndipo mistari ya mkeka na kingo za kiraka hujichora usoni. Jua la Dodoma, kwenye uwanda huu ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, pamoja na joto la injini kwa chini, vitaimaliza kazi hiyo kwa vyovyote vile. Afadhali vikaimaliza kabla ya rangi kuliko baada yake. Ukifanya kazi hii kati ya Desemba na Aprili, hakikisha hainyeshewi; faiba iliyofunguliwa hunywa maji, na unyevu huo hutafuta pa kutokea siku ya jua kali. Kwa sababu hiyohiyo usitumie msasa wa maji mpaka faiba yote iwe imefungwa na praima.

Vile vishimo vidogo vya mbele navyo ni chanzo cha pili ninachokishuku cha malengelenge yako. Kishimo unachokiona kikiwa na upana wa ncha ya sindano mara nyingi ni mdomo wa pango dogo lililo chini ya jelikoti. Praima haikijazi, inautanda mdomo wake kama ngozi ya ngoma, hewa inabaki ndani, na boneti nyeusi inapopata joto hewa inatanuka na kuisukuma rangi juu. Pitisha taa kwa ulalo, na kila kishimo ukikwangue kwa ncha kali mpaka kuta zake ziwe imara. Puliza kwa kompresa kutoka pembe mbalimbali, na utaona vumbi jeupe likiruka kutoka kwenye matundu uliyodhani ni safi. Kisha pakaza puti laini kwa kipande cha mpira, ukiisukuma upande mmoja na kuirudisha upande wa pili, nyembamba kiasi kwamba inabaki ndani ya vishimo tu. Piga msasa, puliza tena, tazama tena. Vitakuwepo vilivyobaki.

Katika kusawazisha, boneti iwe imefungwa kwenye gari, au imeegemezwa vizuri kwa chini. Faiba ni nyepesi na inabonyea chini ya mkono: ukikandamiza kibao cha msasa panaposhuka, unasaga pembeni tu, na ukiondoa mkono pale katikati panapanda na kuonyesha mawimbi. Tumia kibao kirefu, mkono mwepesi, na uende kwa mshazari, mara upande huu mara ule, kwa namba 80, kisha 180. Mashine ya kuzungusha msasa iweke mbali na kingo na mikunjo, kwa sababu sekunde mbili zinatosha kulifikia tabaka la nyuzi.

Praima sasa. Anza na praima ya epoksi ya sehemu mbili, makoti mawili mepesi, juu ya uso uliomalizwa kwa namba 180 hadi 240. Inazifunga nyuzi na puti, na inashika faiba vizuri. Praima ya asidi ni ya chuma na haina kazi hapa. Wala huhitaji kimiminika cha kushikiza rangi kwenye bampa za plastiki, wala dawa ya kuilainisha rangi, kwa kuwa faiba haipindi kama plastiki hizo. Uso ukishakuwa na rangi moja ya kijivu, vishimo vilivyokukwepa vitajitokeza, vijaze. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo la epoksi yako kati ya koti na koti na kabla ya puti, usikisie. Kisha piga praima nene ya sehemu mbili, makoti mawili au matatu. Ikikauka, ipulizie ukungu mwepesi sana wa rangi nyeusi na uanze kusaga kwa namba 320 halafu 400: panapobaki peusi ni bonde, panapong'oka haraka na kuonyesha epoksi ni kilima. Kwa rangi isiyo na chembechembe namba 600 inatosha kumalizia. Kwa rangi ya metaliki nenda 800, maana metaliki huonyesha kila mkwaruzo.

Kuhusu rangi yenyewe ningependa uachane na nyeusi, ingawa najua inapendeza. Uso mweusi wa gari unaosimama juani unaweza kupita nyuzi joto 70 za Selsiasi, na rezini ya kawaida ya poliesta huanza kupoteza ukakamavu wake kati ya takriban 60 na 80. Nyeupe au kijivu cha fedha inaipunguzia boneti mzigo mkubwa, na alama za mkeka hazitajitokeza kwa urahisi. Ukibaki na nyeusi, basi wiki ile ya jua iongeze iwe mbili.

Ulisema utafanya nyumbani. Kazi yote mpaka kusaga praima unaweza kuifanya uani, lakini koti za rangi na klia (tabaka la juu lisilo na rangi) ningekushauri uzipeleke gereji yenye chumba cha kupulizia. Sababu ya kwanza ni pumzi yako. Hadena ya praima nene na klia za sehemu mbili huwa na isosayaneti, kemikali inayoweza kuanzisha pumu isiyopona, na barakoa ya vumbi haiizuii hata kidogo. Hata kwa praima unahitaji barakoa ya vichujio vya kaboni vipya inayobana uso vizuri, mahali penye hewa inayopita, na mpulizaji wa kazi ya kila siku anapaswa kupata hewa ya bomba kutoka nje. Sababu ya pili ni vumbi la kiangazi, ambalo upepo wa mchana wa Dodoma hulileta hata pale unapodhani umefunga kila upenyo. Kama huna budi kupuliza praima nyumbani, fanya asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, umwagie maji ardhini kuzunguka, na usiipanguse boneti kwa kitambaa kikavu dakika ya mwisho: faiba haipitishi umeme, ikisuguliwa hujichaji na kuvuta vumbi kutoka hewani. Pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa kiyeyusho, uiache itulie dakika chache, ndipo upulize.

Wakati wa kuirudisha boneti, weka washa pana chini ya kila nati ya bawaba ili mkazo usambae, kaza kwa mkono mpaka iguse na uongeze kidogo tu. Bandika karatasi ya kuzuia joto upande wa chini juu ya maeneo ya injini yanayochemka, hasa karibu na mkusanyiko wa bomba la moshi. Kama komeo halikukupa imani baada ya kulirekebisha, fungia pini mbili za boneti kwa mbele, zikiwa zimeimarishwa kwa mikeka miwili kwa chini, kabla hujatoka kwenye barabara ya Morogoro ambako mwendo na upepo wa malori hunyanyua boneti nyepesi. Nta ya kung'arisha iache mpaka muda ulioandikwa na mtengenezaji wa klia upite. Kabla ya hapo maji na sabuni laini vinatosha.